Kidaraja cha Mama Nyanjige

Mama Nyanjige, mwenye nyumba wangu, hawezi kukuambia kuwa wali wako unaungua kabla hajakuuliza umeamkaje. Nasema hivi nikiwa na ushahidi. Mwaka wangu wa kwanza hapa Bariadi niliacha sufuria jikoni nikaingia bafuni, naye akaja kusimama nje ya mlango wa bafu, akaanza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka, Mwalimu. Umelala salama? Na huko Ngara wazazi hawajambo? Mvua zinanyesha?" Nikamjibu yote, sabuni ikiwa machoni. Tulipomaliza mvua za Ngara ndipo akasema, kwa upole uleule, "Naona kama jikoni kwako kuna moshi." Sufuria lile nililitupa.

Mimi naitwa Harieth, nafundisha hesabu sekondari, na nina hasira za karibu. Hilo nalisema mapema kwa sababu lina sehemu yake katika habari hii. Chumba cha uani kwa Mama Nyanjige nimekipanga mwaka wa tano sasa, na kama kuna mtu ninayempenda na anayenikera kwa kiasi kilekile, ni yeye.

Ni mwanamke wa miaka sitini na saba, mrefu, mwembamba, mwenye hatua za mtu aliyekulia mahali pa kutembea. Kwao ni Kimali, kule Meatu, ambako siku hizo ungetoka nyumba moja kufika ya pili ukawa umeshachoka. Huko, anasema, mtu akikufikia ametoka mbali, na wewe huna haraka naye. Unamuuliza watu wa kwake, kisha ng'ombe, kisha mvua, kisha shamba. Unampa kiti, unampa maji. Yakiisha hayo ndipo anakohoa kidogo na kusema neno lililomleta. Salamu hurukwa kwa mambo mawili tu: msiba, na ng'ombe walioibiwa. Ukimjia mtu na shida yako mdomoni bila kumsalimia mpaka mwisho, unamshtua moyo wake bure, anadhani kafiwa.

"Sasa mama," niliwahi kumuuliza, "hapa ni mjini. Utawasalimia wote hivyo?"

"Wanaopita, hapana," alinijibu. "Wenye neno na mimi ndio."

Alikuja Bariadi kuolewa. Kwa miaka ishirini na sita aliuza uji nje ya geti la kiwanda cha kuchambua pamba, na mume wake, Mzee Mayige, alikuwa mtu wa mizani ndani ya kiwanda hichohicho. Wafanyakazi wa zamani bado wanasimulia kuwa uji wake ulikuwa mtamu ila foleni haikusogea, maana kila kikombe kilikuwa na salamu zake. Hata hivyo hakuna aliyehamia kwa muuza uji mwingine. Watu walichelewa kazini wakiwa wameulizwa habari za mama zao, na walirudi kesho yake. Watoto wanne wa Mama na Mzee wamesambaa, Mwanza, Geita na Dodoma, na nyumbani wakabaki wazee wawili na mimi.

Mzee Mayige ni pande la mtu. Enzi zake alikuwa akisogeza gunia la pamba kwenye mizani kwa goti tu, huku mikono ikiandika. Desemba iliyopita, asubuhi moja tu ya kawaida, upande wake wa kulia ulikufa ganzi. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiongea vizuri na akili yake timamu, lakini mguu wa kulia ulikuwa ukiburuzika na mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia wazi: miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Mkono usipofanyishwa kazi utajikunja, na ukishajikunja, kuukunjua ni shughuli nyingine. Jumanne na Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, bila kukosa.

Barabara ya mbele ya nyumba yetu ilipowekwa lami, pembeni ulijengwa mtaro wa maji unaonifika kiunoni, na kila nyumba ikaweka vibao vyake vya kuvukia. Mzee alipougua, Mama Nyanjige aliuza ng'ombe wake mmoja aliyekuwa kwa kaka yake Kimali, akamwita fundi, akajengewa kidaraja cha zege cha upana wa gari, kutoka kwenye lami mpaka getini. Hawana gari wale. Hawajawahi kuwa nalo. Kidaraja kilijengwa kwa ajili ya bajaji ya Joakim, dereva aliyempeleka Mzee hospitali kwa mazoezi, ili iingie hadi barazani, Mzee ashike bega la mke wake, apige hatua tatu na kukaa kitini kama abiria mwingine yeyote. Hatua tatu alizimudu. Kufikia mwisho wa Aprili vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kucheza, na Mama Nyanjige alimwonyesha kila mgeni vile vidole, baada ya salamu.

Mwezi wa tano msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, nyumba ya jirani yetu ilipangishwa na kampuni moja ya pamba, wakaifanya ofisi. Ofisi ilikuja na afisa wake, Charles, kijana wa miaka thelathini na kitu, mtanashati, shati limenyooka, na gari jeupe la milango minne lenye sehemu ya mizigo nyuma. Charles hakuwa mtu mbaya. Nililazimika kulikubali hilo baadaye, na kwa shida. Alikuwa mtu wa haraka tu. Siku ya kwanza aliangalia mbele ya ofisi yake, akaona mtaro na vibao viwili. Akaangalia kwetu, akaona kidaraja kipana, kisafi, chenye kivuli cha mjohoro. Akachungulia getini, hakuna gari. Akajumlisha, akapaki palepale katikati, pua ya gari inagusa geti.

Ilikuwa Jumanne.

Mama Nyanjige alitoka kumlaki kabla hajafunga mlango wa gari, akamwita baba kwa Kisukuma. "Mwangaluka, bhabha."

"Safi mama, shikamoo! Nawahi kikao."

"Marahaba. Umelala salama? Na nyumbani..."

Charles alishaingia ofisini.

Joakim alipofika na bajaji hakuwa na pa kupita. Mimi nilikuwa shule. Haya niliyapata jioni. Walimweka Mzee kwenye kiti cha plastiki, Joakim na bodaboda watatu wa pale kona, wakambeba, wakapita kwa kujibana kati ya kioo cha gari na ukingo wa mtaro, mguu wa kiti ukiwa hewani. Barabarani walikuwepo wazee wawili wa kiwandani, marafiki zake wa siku nyingi, na mmoja akapaza sauti kwa utani, "Mayige! Leo umepimwa wewe! Kilo ngapi hizo?" Wote wakacheka. Mzee naye akacheka. Alikwenda mazoezini, akarudi, akabebwa tena kuingizwa ndani. Ijumaa ilipofika, na gari jeupe likawa palepale, alisema neno moja.

"Sibebwi."

"Mzee wangu, ni siku moja tu hii," Mama Nyanjige alimsihi.

"Nimesema sibebwi. Kidaraja kikiwa wazi niite."

Jioni hiyo nilimkuta mama anachambua mchicha. Nikauliza, "Umemwambia yule aondoe gari lake?"

"Hatujamaliza kusalimiana."

"Mama!"

"Ana haraka, bhabha yule. Nikifika kwenye habari za nyumbani kwao anakuwa ameshaondoka. Jumatatu tutaendelea."

Nilimwambia basi nitamwambia mimi. Nitakwenda pale ofisini, maneno manne tu, na gari litaondoka. Aliweka kisu chini. Ni mara chache Mama Nyanjige huweka kisu chini. "Nyumba ni yangu na neno ni langu," alisema. "Ukinitangulia, atajua kwamba kwangu mgeni hasalimiwi, anatumiwa mpangaji kumgombeza. Usinifanyie hivyo, Mwalimu." Nikatii, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Jumatatu waliendelea, wakaishia palepale. Jumanne vilevile. Alijaribu hata kwenda ofisini kwake. Dada wa mapokezi akampa daftari la wageni, ajaze jina na shida yake. Mama Nyanjige alijaza jina. Kwenye shida akaona aibu, akaandika "Salamu", na dada akamwambia bosi yupo kwenye simu, arudi siku nyingine.

Wiki ya tatu nikaomba tuweke bango. Nilichana boksi la mafuta ya kupikia, nikachukua kalamu nene, nikaandika kwa herufi za mitihani: USIPAKI HAPA. Alilisoma kwa utulivu, kisha akauliza, "Hivi wewe shuleni unaingia darasani na kuanza tu?"

Tukaandika jingine. Yeye akasema, mimi nikaandika, na Mungu ananiona. BWANA MWENYE GARI JEUPE, MWANGALUKA. KARIBU SANA MTAANI KWETU. HABARI ZA NYUMBANI? WATU WA KWENU HAWAJAMBO? SISI HAPA HATUJAMBO, ILA MZEE ANAENDELEA NA MAZOEZI. MSIMU WA PAMBA UNAENDAJE? Na kadhalika. Boksi lilipoanza kuisha ilibidi nifinye herufi, na ombi lenyewe, kwamba tafadhali aache kidaraja wazi ili bajaji ya mgonjwa ipite, likakaa chini kabisa, herufi za saizi ya mchele, nyuma ya majani yaliyoota pembeni mwa geti.

Kesho yake Charles alishuka, akasoma mistari miwili ya juu akiwa anatembea, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Jioni alirudi na kilo mbili za sukari. "Mama, nimefanya kazi mikoa sita," alisema, "sijawahi kukaribishwa namna hii. Wengine hata pa kupaki wanakunyima. Asante sana!" Akampa mfuko kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

"Wabeja, bhabha," Mama Nyanjige alimshukuru, na kubaki amesimama na sukari yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona Mzee barazani, kanga imefunika mapaja, na mkono wa kulia chini ya kanga, na kicheko kikaniisha. Siku hizo nilikuwa nimekwisha kuona kwamba vile vidole viwili havichezi tena. Mama alikuwa akivikanda kwa mafuta kila jioni, akivinyoosha kimoja kimoja, na kila jioni vilikuwa vigumu zaidi. Mzee hakulalamika. Aliangalia pembeni tu wakati anakandwa.

Juni shule zikafungwa, nikawa nyumbani kutwa. Ndiyo ilikuwa hatari. Mtu mwenye hasira akiwa na kazi za kusahihisha ana afadhali. Mimi sikuwa na cha kusahihisha isipokuwa lile gari. Kila asubuhi saa moja na nusu nalisikia linakuja, linakanyaga zege ya ng'ombe wa Kimali, linazimwa. Ijumaa ya wiki ya tano nikasema leo basi. Nilisubiri Charles aingie ofisini. Mama alikuwa ndani na Mzee. Nilitoka na msumari, nikachuchumaa upande wa mtaro ambako hakuna anayeniona, nikabonyeza valvu ya tairi ya nyuma, upepo ukatoka mpaka gari likainama. Kisha nikaenda ya mbele. Ningetoa moja angefunga spea akaenda zake. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nilitoa mbili.

Niliingia uani nikiwa najisikia mrefu. Halafu nikafika barazani.

Mzee Mayige alikuwa amekaa kitini, amenyolewa ndevu, amevaa koti lake la kahawia na viatu vyeusi. Mama Nyanjige alikuwa anampangusa kola kwa kitambaa, uso wote unacheka. "Mwangaluka, Mwalimu," alisema. "Umelala salama? Sisi leo tunasafiri. Januarius, yule mlinzi wa jirani, kaniambia jana bosi wake saa tatu anakwenda Ngulyati kwa wakulima, harudi mpaka jioni. Kidaraja kitakuwa wazi. Nimempigia Joakim. Na Mzee kakubali!"

"Nimekubali kwa sababu sibebwi," alisema Mzee, lakini alikuwa anafurahi. Alikuwa ameshaweka kofia kichwani.

Wiki tano huyu mtu amekataa, leo amekubali, na mimi nimelifungia gari lile palepale kwa mikono yangu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Nimelala salama, mama," nikaenda kujificha jikoni. Hata leo naona aibu kuandika hivyo.

Saa tatu kasoro Charles alitoka na mafaili yake kwapani, akaona gari limelala upande mmoja, akaanza kupiga simu. Bodaboda akatumwa stendi kumleta fundi pancha na mtungi wake wa upepo. Fundi, kumbe, alikuwa na magari mawili mbele yetu. Joakim naye akafika, akasimamisha bajaji barabarani, akapiga honi mara mbili, akaacha alipoliona gari. Mama Nyanjige alitoka getini na kutazama. Nilimfuata nyuma, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aniadhibu mapema. Alizitazama zile tairi mbili, akanitazama mimi, akazitazama tena. Akarudi ndani, akatoka na kigoda na kikombe cha maji.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mama," alisema Charles, na sauti yake ilikuwa ya kuomba huruma, "leo asubuhi yangu imeharibika kabisa. Wakulima wananisubiri Ngulyati."

"Pole sana. Kaa kwanza. Fundi yuko mbali."

Charles alitazama gari, akatazama simu, akatazama barabara. Hapakuwa na kikao cha kukiwahi. Akakaa. Akanywa maji. Mama Nyanjige akakaa kwenye ukingo wa kidaraja, akavuta kanga magotini, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano salamu ikaanza na kuendelea.

"Umelala salama?"

"Nimelala salama, mama."

"Na nyumbani, ni wapi vile?"

"Tukuyu."

"Mbali kweli. Watu wa kule hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Mvua?"

"Kule haziishi, mama. Mpaka tunachoka nazo."

Hilo lilimshangaza, akatikisa kichwa. "Mnachoka na mvua! Na ng'ombe mnao?"

"Wawili. Wa maziwa."

"Wawili," alirudia Mama Nyanjige kwa huruma ya kweli. "Poleni. Wataongezeka."

Charles akacheka. Alilegeza kifungo cha shati, akanyoosha miguu, akaeleza habari za migomba ya kwao na chai ya baba yake, na jinsi ukungu unavyoshuka asubuhi hadi humwoni ng'ombe uliyemshika kamba. Mama Nyanjige aliuliza, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Hiyo ndiyo siri yake, kama ana siri. Nilikaa miaka mitano nikidhani anazunguka. Alikuwa hazunguki hata kidogo. Kwake yeye habari za baba wa Charles zilikuwa jambo lenyewe.

"Baba umemwona lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi," alisema. "Hapana. Mwaka wa kabla ya huo."

"Anapiga simu?"

"Anapiga. Ananikuta kwenye vikao."

Hakumlaumu. "Ukimpata, mpe salamu zetu," alisema. "Mwambie zinatoka kwa Mayige wa Bariadi." Kisha akakohoa kidogo, na mimi nikajua sasa ndiyo lenyewe. "Bhabha, nina neno dogo. Hapa unapoweka gari ndipo anapopita mume wangu. Ni mgonjwa, upande wa kulia. Kidaraja hiki nilimjengea yeye, ili bajaji imfuate ndani, asibebwe. Gari likiwepo inabidi abebwe, na yeye hataki, kwa hiyo haendi mazoezini. Ni wiki ya tano. Vidole vilivyokuwa vimeanza kuamka vimelala tena. Ndilo hilo tu."

Alisema vilevile anavyosema habari za mvua. Charles alikuwa amesimama kabla hajamaliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ulikuwa unawahi."

"Lakini bango..." Akageuka, akaenda pale getini, akasukuma majani kwa mkono, akainama. Alisoma lile boksi mpaka chini, midomo inacheza. Alipoinuka, ule utanashati wote ulikuwa umemtoka. "Na mimi nikaleta sukari," alisema.

"Sukari ilikuwa nzuri," Mama Nyanjige alimfariji. "Tunaitumia."

Nikaona siwezi tena. "Ni mimi niliyetoa upepo," nilisema. "Samahani. Nilitoa mbili ili spea isikusaidie. Sikujua kuwa leo ungeondoka saa tatu."

"Ni mtoto mzuri," Mama Nyanjige aliingilia haraka, "ila hasira zinamtangulia."

Charles alinitazama. "Unafundisha nini, mwalimu?"

"Hesabu."

"Inaonekana," alisema. Akamgeukia Joakim. "Mtaalamu anaondoka saa ngapi?"

"Saa tano anafunga, bosi. Sasa ni saa nne na robo."

"Fundi bado. Nikiliendesha hivi litaingia mtaroni. Tusukume."

"Bosi, ukisukuma bila upepo tairi zinakatika zote mbili."

"Zikatike."

Akamwita Januarius na vijana wawili wa ofisini, akaingia nyuma ya usukani mlango ukiwa wazi, na sisi tukaweka mabega mbele ya gari, Joakim, Januarius, wale vijana na mimi, tukalisukuma kinyumenyume. Rimu ilisaga zege, raba ikatoa harufu, na gari likashuka kwenye lami kidogo kidogo hadi likalala pembeni ya barabara mbele ya ofisi, likiwa limeinama. Kidaraja kikabaki kitupu, na mistari miwili myeusi juu yake. Joakim akawasha bajaji, akavuka, akaingia hadi barazani.

Mzee Mayige alikuwa ameona yote kupitia geti. Charles alitangulia kumfikia, shati limelowa jasho mpaka mabegani. Akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye Charles, mwenye gari," alisema, na kwa mazoea akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko.

Sote tuliona kosa lake kwa wakati mmoja, naye akaliona. Tangu Desemba Mzee hakuwa amempa mtu mkono. Mkono wa kushoto hawezi kumpa mgeni, hakulelewa hivyo; na wa kulia alikuwa akiuficha chini ya kanga, anajibu salamu kwa mdomo tu. Nilitegemea Charles aurudishe mkono wake. Joakim alitazama saa.

Charles hakuurudisha. Aliuacha pale, wazi, juu kidogo ya magoti ya Mzee, akakaa vilevile amechuchumaa.

Kanga ilitikisika. Lilianza bega, likapanda peke yake, halafu kiwiko kikafuata kikitetemeka. Jasho lilimtoka Mzee chini ya kofia. Simu ya Charles iliita mfukoni, ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena, naye hakuigusa. Mkono wa Mzee ulitoka nje ya kanga ukiwa umekunja ngumi, ukateleza kwenye paja, ukaanguka. Akaupandisha upya. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba hakuna aliyemsaidia, na kwamba ngumi ile ilifika ikatua katika kiganja cha Charles, na vidole vyake, taratibu sana, vikaanza kufunguka.

"Marahaba," alisema Mzee Mayige.

Mama Nyanjige, ambaye kwa miaka yote mitano sijawahi kumwona akikosa la kuuliza, alishika nguzo ya baraza, machozi yanamshuka waziwazi. Mzee akamgeukia, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa Charles.

"Nyanjige," alisema, "nipe bega, twende."